Mtoto Asome kwa Macho, Asikariri kwa Masikio: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mwalimu

Chukua kitabu cha darasa la kwanza ambacho mtoto amekisoma wiki nzima. Funika picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, lisiwe la kwanza wala la mwisho, umwambie alisome. Watoto wengi waliokuwa wakitiririka dakika moja iliyopita watarudi kimyakimya mwanzo wa mstari na kuimba sentensi yote mpaka walifikie neno lile. Hao bado hawajasoma. Wamekariri, tena wamekariri vizuri, kwa sababu mtoto wa miaka sita akisikia kitu mara tatu amekishika.

Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina sauti moja popote ilipo. Kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Wanaosoma lugha zenye tahajia nyepesi, kama Kifini na Kiitaliano, walikuwa wakisoma maneno ya kawaida bila shida kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, huku wenzao wa Kiingereza wakiwa nyuma sana. Kiswahili hakikuwamo kwenye utafiti huo, ila kwa tahajia yake kinakaa jirani na Kifini. Hiyo ni bahati kubwa, na ndani yake kuna mtego: mtoto akishatamka vizuri, tunaamini ameelewa.

Kwa hiyo kuna makosa mawili ya kuyawinda tangu mwanzo. Kuna mtoto anayekariri bila kusoma, na kuna mtoto anayesoma bila kuelewa. Hatua zote zinazofuata zinalenga hao wawili.

Hatua ya 1: Jua mtoto amefika wapi

Usianze kufundisha kabla hujapima. Dakika kumi zinatosha, penye utulivu, mtoto mmoja mmoja. Andaa karatasi moja yenye mambo matano:

- herufi kumi zilizochanganywa, zisifuate mpangilio wa alfabeti;
- silabi kumi, pia zimechanganywa: mu, ta, ki, bo, le, na kadhalika;
- maneno matano ya kawaida;
- maneno matatu ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, kama sepido, lukami, gofuze;
- aya moja ya sentensi nne ambayo hajawahi kuiona, na maswali mawili juu yake.

Maneno ya kubuni yasikushangaze. Ndiyo kipimo safi kuliko vyote, kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kuyasikia. Akisoma "sepido" bila kusita, anajua kuunganisha sauti. Akisema "sabuni", anakisia kwa kuangalia herufi ya kwanza.

Andika unachokiona, si alama tu. "Anajua herufi zote, hawezi kuunganisha" ni taarifa inayofaa kuliko "4/10". Na kabla hujamwita mzito wa kuelewa, hakikisha anasikia na anaona. Mtoto anayeomba kurudiwa kila mara, anayekutazama mdomo unapoongea, anayekodoa macho au kusogeza daftari karibu na pua, apelekwe akapimwe masikio na macho kwanza.

Hatua ya 2: Masikio kabla ya macho

Kabla herufi hazijaingia, mtoto anapaswa kugundua kwamba maneno yana vipande. Watu wazima tunalichukulia hili kama jambo la wazi, kumbe kwa mtoto "kalamu" ni kitu kimoja tu, kile anachoandikia. Michezo ya mdomo inatosha, mkiwa njiani, mkiosha vyombo, mkisubiri zamu mahali:

"Piga makofi: ka-la-mu. Makofi mangapi?"

"Neno gani linaanza kama mama? Meza au sahani?"

"Sema kitabu. Sasa sema bila ki." Mtoto akisema "tabu" huwa anacheka, na hapo ameshaelewa mchezo.

Kisha kuna kinyume, ule mchezo wa watoto wa kugeuza silabi, meza ikawa zame, paka akawa kapa. Tunawakaripia wakiuongea mbele yetu kwa kudhani wanatusengenya (pengine ni kweli), lakini mtoto anayeweza kugeuza silabi za neno kichwani tayari amefanya nusu ya kazi ya kusoma.

Kwa mtoto aliyezoea silabi, mteremshe mpaka kwenye sauti moja moja. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin alitumia visanduku: chora visanduku vinne mfululizo, mpe mtoto vizibo vya chupa, naye asukume kizibo kimoja kwa kila sauti anayoisikia. Neno "saba": s, a, b, a. Hakuna herufi hata moja bado. Baadaye vizibo vinaondolewa na herufi zinaandikwa mahali pake.

Hatua ya 3: Sauti ya herufi, si jina lake

Mtoto anayejua kuimba "a, be, che, de" anajua wimbo. Mwambie aunganishe "eme" na "a" naye atapata "emea", wala hana kosa, amefanya ulichomwambia. Fundisha mmmm, ssss, llll. Majina ya herufi yatakuja baadaye na hayatamchelewesha.

Anza na irabu zote tano, kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa: m, s, l, n, f. Ukivuta "mmmmaaa" mtoto anasikia sauti zikigusana. Kwa b, d, g, k, p na t usihangaike kuzitamka peke yake, maana utaishia kusema "bu" au "ba" na kumchanganya. Hizo zifundishe zikiwa ndani ya silabi.

Usifuate mpangilio wa alfabeti. Fuata herufi zinazozaa maneno mapema. Ukiwa na a, i, u, m, k, t, s na l peke yake, tayari una mama, kaka, kiti, simu, saa, lala, sikia, ulimi, samaki, na hata sentensi: "Kaka alikata mti." Mtoto anayesoma sentensi kamili katika wiki za mwanzo anaona faida ya hiyo kazi. Anayesubiri mpaka z ndipo aonje neno hukata tamaa njiani.

Jedwali la ba, be, bi, bo, bu ni zuri, nami silipingi. Tatizo ni kuliimba kwa mpangilio uleule kila asubuhi. Ndani ya siku mbili watoto wanaimba wakiwa wanatazama dirishani. Andika silabi hizo kwenye kadi, zichanganye, onyesha moja moja, kisha mpe mtoto kadi sita aunde maneno yake mwenyewe. Akipanga "lebuta" na kukisoma sawasawa, mpongeze halafu muulize, "Kuna kitu kinaitwa lebuta?" Swali hilo dogo linamfundisha tangu siku za mwanzo kwamba kusoma kuna maana, si kelele tu.

Kuhusu b na d: karibu kila mtoto huzichanganya, na wengi huendelea hivyo mpaka miaka saba au nane. Usizifundishe wiki moja. Fundisha b mpaka ikomae, pitisha herufi nyingine kadhaa, ndipo ulete d. Dawa yenyewe iko kwenye mkono, nitaieleza kwenye kuandika.

Hatua ya 4: Mahali Kiswahili kinapouma

Silabi za konsonanti na irabu ni uwanja tambarare. Wengi hukwama baada ya hapo, tena mara nyingi kwa sababu mwalimu alipita mbio.

Kwanza, herufi mbili kwa sauti moja: ch, sh, th, dh, gh, ny, ng'. Fundisha kila moja kama mtu mpya, si kama "c na h". Ng' itengewe siku zake, iwekwe kando ya ng: ng'ombe na ngoma, ng'aa na ngazi. Mtoto atamke huku ameweka kidole kwenye ule mkato wa juu.

Pili, konsonanti zilizobanana: mb, nd, nj, nz, mw, kw, bw, tw. Mtoto akikwama kwenye "ndizi", mfunike "n" asome "dizi", kisha umfungulie.

Tatu, ile m inayosimama peke yake kama silabi. Mpe mtoto "mbu" na "mbuzi" akapige makofi. Mbu ni makofi mawili, m-bu. Mbuzi pia ni mawili, mbu-zi. Herufi tatu zilezile za mwanzo, mkato tofauti. Hakuna kanuni ya kumpa mtoto wa miaka saba hapa. Mpe mifano mingi kwa sikio: mtu, mti, mke, mbwa, mchi.

Nne, sauti ambazo lugha ya nyumbani haina. Kama kwao r na l ni kitu kimoja, au th inageuka s, atasoma hivyo na ataandika hivyo. Usimcheke na usiruhusu darasa limcheke. Mpe jozi za maneno ambazo makosa yanabadilisha maana: kula na kura, zana na dhana, samani na thamani. Aone mdomo wako, aguse ulimi ulipo, arudie mara chache kila siku.

Tano, urefu wa maneno, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wasomaji wazuri wa silabi wanapogeuka kuwa wasomaji wabaya wa sentensi. Mtoto anasoma "mama", "kitabu", "barua" vizuri kabisa. Halafu anakutana na "walipotutembelea". Anaanza kukata silabi moja moja, wa-li-po-tu-te-m... na akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Kumbukumbu ya muda mfupi ya mtoto haibebi vipande vinane visivyo na maana. Inabeba vitatu au vinne vyenye maana.

Kwa hiyo mfundishe kuona vipande vyenye maana badala ya silabi tupu. Andika ubaoni "soma". Ongeza mbele: alisoma, nilisoma, tulisoma. Badilisha wakati: anasoma, atasoma, amesoma. Ongeza mtendwa: alikisoma, aliwasomea. Soma mfululizo huo kila siku kwa kitenzi kingine: pika, lima, cheza, beba. Baada ya wiki chache jicho linaanza kuiona "nili-" na "wata-" kama kitu kimoja. Neno likiwa refu sana, lijenge kutoka mkiani: tembelea, tutembelea, walitutembelea, walipotutembelea.

Hii ndiyo sababu viwango vya "maneno kwa dakika" vilivyotungwa kwa Kiingereza visihamishiwe kwa mtoto wetu. Neno moja la Kiswahili kama hilo linabeba kazi ya maneno manne ya Kiingereza. Mtoto wako anaweza kuonekana mzembe kwenye jedwali la mtu mwingine wakati anasoma vizuri tu.

Hatua ya 5: Msikilize akisoma, na ujue wakati wa kunyamaza

Mtoto akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema lolote. Watu wazima wengi hatufiki hata mbili. Akiwa bado amekwama, mpe mkato wa kwanza tu wa neno. Ikishindikana, mpe neno lote, kisha arudie sentensi nzima toka mwanzo, maana ameipoteza njiani. Usimwambie "angalia picha". Picha inamfundisha kukisia, na vitabu vya madarasa ya juu havina picha.

Kidole chini ya mstari si aibu. Kiache mpaka kiondoke chenyewe.

Kitabu kikiwa na zaidi ya neno moja gumu kati ya kila kumi, ni kizito kwake kusoma peke yake. Kisome wewe, yeye asikilize, na umpe kingine chepesi. Mtoto aliyezoeshwa vitabu vinavyomshinda hujifunza jambo moja tu, kwamba yeye si msomaji.

Ufasaha hujengwa kwa kurudia kifungu kilekile. Jay Samuels aliandika juu ya mbinu hii mwaka 1979, nayo bado haijazidiwa kwa urahisi: aya fupi, mtoto aisome mara tatu au nne, kila mara akisikia mwenyewe inavyolainika. Hapa msomaji wa makini ataniuliza, je, si ndiyo kukariri kulekule? Tofauti ni kwamba mtoto huyu tayari anaweza kusoma kila neno la aya hiyo, na anaanza kwa macho. Ukitaka uhakika, mwonyeshe neno la katikati kama tulivyofanya mwanzoni.

Njia nyingine ni wewe kusoma sentensi kwa hisia, ukituama kwenye nukta na kupandisha sauti kwenye swali, naye akufuate. Wanaosoma kwa sauti ya roboti wengi wao hawajawahi kusikia mtu akisoma vizuri.

Hatua ya 6: Muulize maswali yasiyojibika kwa kunakili

Soma sentensi hii: "Juzi mdopi alifezua gasele mbili kando ya kibujo." Sasa jibu. Nani alifezua gasele? Mdopi. Alifezua gasele ngapi? Mbili. Wapi? Kando ya kibujo. Lini? Juzi. Umepata nne kwa nne, na huna habari hata chembe ya kilichotokea.

Hivyo ndivyo maswali mengi ya ufahamu yalivyo, na ndivyo mtoto anavyoweza kupata alama nzuri miaka mitatu mfululizo bila kuelewa kifungu hata kimoja. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kihesabu: ufahamu wa kusoma ni zao la uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe juu kiasi gani.

Maswali yanayofaa yanamlazimisha mtoto aingie ndani ya kisa. Kwa nini alijificha? Unadhani alijisikiaje aliporudi na kukuta mlango umefungwa? Wewe ungemwambia nini? Umejuaje kwamba ilikuwa usiku, na hakuna mahali palipoandikwa usiku? Hilo la mwisho ni la dhahabu, kwa sababu linamrudisha kwenye maandishi atafute ushahidi.

Nyumbani mazungumzo yanaweza kwenda hivi, mama na mtoto wakiwa na kitabu kimoja mapajani:

"Huyu anafanya nini?"

"Analia."

"Eeh, analia kwa kwikwi. Nini kimemliza?"

"Kaka yake kamnyang'anya mpira."

"Na wewe mwanangu, ulipovunjiwa gari lako ulifanyaje?"

"Nilinuna."

"Ulinuna mpaka jioni! Tuone huyu naye atanuna au atafanya nini."

Angalia mama alivyofanya. Alilichukua jibu la mtoto, akalirefusha kwa neno moja jipya, kwikwi, bila kuanzisha somo la msamiati. Akalihusisha na maisha ya mtoto, akamrudisha kitabuni. Kusoma pamoja kwa mtindo huu wa mazungumzo kumefanyiwa utafiti tangu Grover Whitehurst na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 1988, na faida yake kwenye lugha ya mtoto ilionekana wazi.

Endelea kumsomea hata akishajua kusoma. Mtoto wa darasa la pili anasoma mwenyewe vitabu vyenye sentensi za maneno matano, lakini akili yake inaelewa hadithi nzito kuliko hizo. Ukiacha kumsomea, msamiati wake unabaki pale macho yake yalipofika. Maneno mapya mawili au matatu kwa hadithi yanatosha. Yatumie tena siku hiyohiyo kwenye mazungumzo ya kawaida, ndipo yanakaa.

Kipimo kizuri kuliko maswali yote ni kumwambia, "Nisimulie." Afunge kitabu, aeleze kwa maneno yake. Akirudia sentensi za kitabu neno kwa neno, mwambie amsimulie mdogo wake ambaye hakuwepo.

Hatua ya 7: Kuandika, mkono na kichwa

Kuandika ni kazi mbili zilizofungwa pamoja, na ni heri kuzifungua. Kuna mwandiko, yaani kuchora herufi. Na kuna utungaji, yaani kuwa na la kusema na kulipanga. Ukimkosoa mtoto mwandiko wakati anahangaika kutunga, atakuandikia sentensi mbili safi na kuishia hapo.

Kwenye mwandiko, panga herufi kwa namna mkono unavyokwenda. Kundi la kwanza linaanza kwa kuviringisha kuelekea kushoto: c, o, a, d, g. La pili linaanza kwa mstari wa kushuka: i, l, t, u, j. La tatu linashuka kisha linarudi juu na kujipinda: n, m, r, h, b, p. Mengine yenye kona, k, v, w, y, z, yaje mwisho. Sasa ile dawa ya b na d inaonekana: d iko kwenye familia ya c, inaanza kwa duara, b iko kwenye familia ya h, inaanza kwa mstari. Mtoto ambaye mkono wake umezoea hivyo haulizi tena tumbo liko upande gani. Aanze kwa kidole hewani, kisha kwenye mchanga au ubaoni, ndipo penseli.

Penseli ishikwe kwa vidole vitatu, bila kubanwa mpaka kucha ziwe nyeupe. Mtoto wa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Mwinamishie daftari upande wa kulia, na darasani mkalishe mwisho wa kushoto wa dawati asigongane kiwiko na mwenzake.

Imla fupi kila siku inasaidia kusoma na kuandika kwa pamoja. Maneno matano tu, yenye herufi zilizokwisha kufundishwa, na mtoto ajisahihishe mwenyewe kwa kulinganisha na ubao.

Akianza kutunga, mwache aandike anavyosikia. Akiandika "asubui" au "ngombe" ameonyesha kwamba anasikia sauti na anajaribu kuzipa herufi. Charles Read alichunguza maandishi ya watoto wadogo na kuonyesha mwaka 1971 kwamba makosa yao ya tahajia yana mantiki, si ovyo. Sahihisha uliyokwisha kufundisha tu, tena mambo mawili kwa ukurasa. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi na mtoto, linafungwa.

Kuna kosa moja la Kiswahili ambalo lisiachwe likakomaa: kutenganisha na kuunganisha maneno mahali pasipostahili. "Nita kuja", "ana soma", "hawa jafika" kwa upande mmoja, na "kwasababu", "kwahiyo" kwa upande mwingine. Ujumbe wa simu za watu wazima umejaa haya, kwa hiyo mtoto anayaona kila siku. Mfululizo wa alisoma, nilisoma, tulisoma wa Hatua ya 4 unasaidia pia hapa, kwa kuwa mtoto anaona kwamba "nita-" haina maisha bila kitenzi chake.

Na mpe sababu ya kuandika. Orodha ya vitu vya kubeba safarini, barua kwa bibi, tangazo la mlangoni la kuwafukuza wadogo zake, maelezo ya jinsi ya kucheza mchezo fulani. Kwa asiyeweza bado, akuambie wewe uandike maneno yake kama alivyosema, kisha asome alichosema. Maandishi yaliyotoka kinywani mwake anayasoma kwa bidii kuliko ya kitabu chochote.

Hatua ya 8: Darasa lenye watoto wengi

Mwalimu wa watoto hamsini atauliza haya yote atayafanya saa ngapi. Huwezi kumsikiliza kila mtoto kila siku. Unaweza kuwasikiliza watano kila siku, kwa dakika mbili mbili, na katika siku kumi za shule umewasikia wote hamsini, kila mmoja kwa sauti yake mwenyewe. Weka orodha na tiki. Bila orodha utawasikia walewale wa mbele.

Kusoma kwa pamoja darasa zima kuna mahali pake, pa kumpa moyo mtoto mwoga. Ila sauti ya kundi inaficha kumi wasiojua, nao huwa mahodari wa kufungua mdomo nusu sekunde nyuma ya wenzao.

Kwa sehemu ya siku, wagawe kwa kiwango badala ya darasa. Shirika la Pratham la India limejulikana kwa njia hii: watoto hupimwa upesi kama wanafikia herufi, neno, aya au hadithi, kisha kila kundi hupewa kazi ya ngazi yake, hata kama mtoto wa darasa la nne ataketi na wa darasa la pili. Makundi yapangwe upya baada ya wiki chache, yasigeuke jela.

Hatua ya 9: Nyumbani

Dakika kumi na tano kila siku zinazidi saa mbili za Jumamosi. Chagua wakati ambao hauibiwi na kitu kingine, weka simu mbali, yako na yake.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Akae karibu, mtoto amsomee, halafu amwambie, "Hebu nieleze kimetokea nini." Akisikia hadithi haina kichwa wala miguu, amrudishe: "Mbona sijaelewa? Soma tena pale alipopotea." Hilo ni zoezi la ufahamu, na halihitaji herufi hata moja. Hadithi anazosimulia mzazi huyo kwa mdomo nazo zinajenga upande wa pili wa ile hesabu ya Gough na Tunmer, upande wa kuelewa lugha.

Mwalimu naye apeleke nyumbani taarifa inayotumika. "Mtoto aongeze bidii" haina kazi. "Wiki hii tunasoma ng' na ny, msikilize maneno haya sita, na akisoma moja vibaya mrudishie taratibu" inaeleweka na inafanyika. Mzazi naye aandike sentensi moja ya alichokiona, au amwambie mwalimu kwa simu.

Mtoto akichelewa licha ya yote

Ukifuata haya kwa uaminifu, watoto wengi husoma. Akibaki mmoja ambaye baada ya mwaka mzima wa kufundishwa vizuri bado haunganishi sauti, anasahau leo herufi aliyoijua jana, ingawa ukimwuliza kwa mdomo ana akili inayokata, fikiria disleksia. Ni tofauti ya jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti na maandishi, haitokani na uvivu wala upungufu wa akili, na fimbo haijawahi kuitibu. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo uliza kama baba au shangazi naye alipata taabu ya kusoma.

Mtoto huyu anafundishwa mambo yaleyale, ila kwa vipande vidogo zaidi, marudio mengi zaidi, na mwili ukishiriki: anatamka huku anaandika kwa kidole, anajenga silabi kwa herufi za kushikika. Wakati huohuo asinyimwe maarifa kwa sababu ya macho yake. Asomewe maswali ya mtihani, ajibu kwa mdomo inapowezekana, apewe muda wa ziada, asiitwe kusoma mbele ya darasa bila kuandaliwa. Kama kuna mtaalamu wa elimu maalumu unayeweza kumfikia, mpeleke akapimwe. Ripoti itakayotoka ipelekwe kwa kila mwalimu anayemfundisha, hata wa hisabati, kwa sababu maswali ya mafumbo nayo yanasomwa.